Riwaya kongwe husomwa kwa sikio

Watu wengi wanaojaribu kusoma riwaya kongwe za Kiswahili hukwama kabla ya kufika ukurasa wa ishirini, na karibu wote hutoa udhuru mmoja: maneno magumu. Udhuru huo ni wa kweli nusu tu. Fungua ukurasa wowote wa Shaaban Robert, hesabu maneno usiyowahi kuyasikia kabisa. Kwa mtu aliyekulia Mombasa ni machache, na mengi katika hayo hujieleza yenyewe ukisoma mistari miwili mbele. Kinachomshinda ni mwendo. Amezoea sentensi ya gazeti na ya ujumbe wa simu, ile inayoanza na kuisha kabla pumzi haijaisha. Ghafla anakutana na sentensi inayopanda ngazi tatu ndipo itue. Anaikimbiza kwa macho, inamponyoka, anarudi nyuma, inamponyoka tena, anaweka kitabu chini na kulaumu msamiati.

Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Si kitabu kizima, kurasa kumi za mwanzo tu zinatosha. Hadithi za Kiswahili zilisimuliwa na kuimbwa karne nyingi kabla ya kuchapwa, na waandishi wa kwanza wa riwaya walikuwa na tenzi na ngano masikioni mwao. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mshairi, na nathari yake ina mizani ndani: maneno mawili yanayofanana yanawekwa bega kwa bega, kishazi kinajibu kishazi. Mkato katika kitabu cha namna hiyo ni mahali pa kuvuta pumzi. Ukisoma kimya jicho huruka vituo hivyo, lakini ulimi hauruki. Baada ya kurasa kumi sikio limeshashika mdundo, na hapo unaweza kunyamaza na kuendelea kimya, kwani sauti itakuwa imehamia kichwani.

Tutazame sentensi moja kwa karibu. Hii nimeitunga mwenyewe kwa mtindo wa zamani ili tuweze kuifumua:

"Mzee yule, ambaye miaka ilikuwa imekwisha mwinamisha mgongo kama upinde uliolegea uzi, alipowaona vijana waliokuwa wakimcheka mlangoni, hakuwajibu kwa ukali wala kwa upole, bali aliwakaribisha ndani, akawaketisha mkekani, akawapa maji."

Msomaji mwenye haraka hupotea kwenye "uliolegea uzi", kwa sababu anasubiri kujua mzee alifanya nini na bado hajaambiwa. Basi tafuta uti wa mgongo kwanza. Mtendaji ni mzee. Vitenzi vyake vikuu ni hakuwajibu, aliwakaribisha, akawaketisha, akawapa. Hiyo ndiyo sentensi. "Ambaye" na vishazi vya "-o-" ni matawi: yanapamba, yanaeleza, lakini hayasogezi habari. Ukiona "-ka-" ujue habari imesogea hatua moja. Ukiona "-ki-" ndani ya kitenzi kilichotanguliwa na kingine, kama "wakimcheka" hapo juu, ujue mambo mawili yanatendeka kwa pamoja. Na ukiona "hu-" mwanzoni mwa kitenzi, mwandishi ameacha kusimulia tukio na anasema desturi ya dunia, na mara nyingi hapo ndipo anapoweka maoni yake. Vitu hivyo vitatu, -ka-, -ki- na hu-, vinatosha kukuvusha kurasa nyingi zilizokuwa zikikukaba.

Angalia pia "imekwisha mwinamisha", maneno mawili mbalimbali. Leo tungesema "imeshamwinamisha". Vitabu vya zamani vimejaa "amekwisha fika" na "walikwisha ondoka". Si makosa ya uchapaji. Ndivyo "-sha-" ilivyokuwa kabla ya kusagika na kumezwa na kitenzi.

Sasa kamusi. Kosa kubwa ni kuiweka kando ya kitabu na kuikimbilia kila neno linapogoma. Ukifanya hivyo mara kumi katika ukurasa mmoja, hukusoma riwaya, umesoma kamusi vipande vipande. Chukua penseli laini, weka nukta ndogo pambizoni mkabala na neno, endelea. Neno likirudi mara ya tatu na bado hulijui, hapo ndipo ulitafute. Mengi hayatarudi, na mengi yakirudi yatakuja na jirani anayeyafafanua. Penseli, tafadhali, si kalamu ya wino. Karatasi ya zamani hunywa wino, na katika unyevu wa Pwani alama ya wino hutambaa hadi upande wa pili wa ukurasa.

Kamusi gani? Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, itakufaa kwa riwaya nyingi za miaka ya sitini na kuendelea. Kwa vitabu vilivyotangulia, kamusi ya Johnson ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939 ina maana nyingi ambazo kamusi za leo zimeziacha. Na ukikutana na neno lenye harufu ya Mvita yenyewe, jaribu kamusi ya Krapf, mmisionari wa Kijerumani, iliyochapwa mwaka 1882. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Kiswahili alichokisikia na kukiandika kwa wingi kilikuwa cha huku. Tahajia yake itakuchekesha, lakini utalikuta neno alilokuwa akilitumia bibi yako.

Hapa pana mtego ambao watu wa Mombasa hunaswa nao kuliko wageni. Mwaka 1928 palifanyika mkutano hapa hapa Mombasa, na Kiunguja ndicho kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, si Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kwa hiyo riwaya nyingi utakazosoma zina sauti ya Unguja. Mtu wa Mji wa Kale anayesema mato kwa macho na ndia kwa njia hasumbuki na hayo, anayatafsiri bila hata kujua. Shida ni maneno yaliyovaa nguo moja na kuwa watu wawili. Anayelelewa na "teka" kwa maana ya cheka akisoma kwamba fulani aliteka watu, anaweza kudhani aliwacheka kumbe aliwafunga kamba. "Ndoo" ya kuita mtu na ndoo ya maji kisimani, vivyo hivyo. Mgeni hulitafuta neno kwa sababu halijui, ilhali mwenyeji halitafuti kwa sababu anadhani analijua.

Mtego mwingine ni maneno yaliyobadilika maana wakati sisi tumelala. "Licha ya" ni mfano mzuri kabisa. Leo huitumia kumaanisha "ingawa": licha ya mvua, walikuja. Zamani ilimaanisha "si hilo tu". Mwandishi wa zamani akisema "licha ya kumpa chakula, alimpa na nguo," hakuna mgongano wowote hapo. Alimpa chakula na akazidisha nguo. Ukisoma kwa maana ya leo, wema wote wa mtu huyo unageuka kitendawili. "Kijana" nalo lilibeba hata mtoto mdogo wa miaka saba, si lazima awe barobaro. Na "chombo", ukiwa Pwani na upepo umetajwa, ni jahazi au dau, wala si sufuria.

Vipimo na fedha vichukulie kwa uzito, maana hadithi nyingi za zamani hupima utajiri na umaskini kwa hivyo. Pishi moja ni vibaba vinne, karibu kilo 2.7 za nafaka. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16. Pima ni mikono minne, na mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Rupia moja ilikuwa na pesa 64, na Unguja waliendelea na rupia hadi mwaka 1936, ilhali upande wetu shilingi ilikwisha ingia mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Ukijua hivyo, ukisoma kwamba familia ya watu sita inapikiwa kibaba kimoja, huhitaji kuambiwa kwamba wana njaa. Mwandishi hakuambii, kwa kuwa msomaji wake alijua.

Vitabu vyenyewe visomwe kwa mpangilio gani? Orodha za shuleni hufuata mwaka wa kuchapwa, na huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote kwa anayeanza. Mimi ningeanza na Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Ni riwaya ya upelelezi, na upelelezi una faida moja ambayo falsafa haina: unataka kujua nani kaua. Hamu hiyo hukuburura juu ya misemo ya Kiunguja usiyoielewa hadi ukajikuta unaielewa. Bwana Msa, mpelelezi na kiko chake, ni ndugu wa mbali wa Sherlock Holmes, na mwandishi hafichi undugu huo. Lakini sikiliza jinsi watu wanavyozungumza. Kila mmoja ana namna yake ya kukwepa swali. Kitu cha kufanya hapa ni kuchukua karatasi moja, kuandika kila mhusika anapotajwa mara ya kwanza, undugu wake na wenzake, na nani anamwita nani kwa jina gani. Mtu akiacha kumwita mwenzake "Bwana" na kuanza kumwita kwa jina tupu, pana kitu kimetokea baina yao, hata kama sura yote haijakitaja.

Karatasi hiyo ya wahusika itakufaa kwa riwaya zote, lakini iandike mwenyewe. Ile iliyochapwa kwenye mwongozo wa mtihani imekwisha kukuambia nani mbaya. Miongozo ina kazi yake, sikatai, ila imezoesha kizazi kizima kusoma riwaya kama mtu anayechambua mchele: dhamira huku, maudhui kule, tamathali kwenye ungo, halafu wali haupikwi.

Cha pili kingekuwa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Watu wa Mombasa wana deni na kitabu hiki, kwani kinaishia mlangoni kwao, katika mtaa wa Freretown uliojengwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa kuanzia mwaka 1875. Mnara wa kengele bado uko pale Kengeleni, magari yanaupita kila siku. Kiswahili chake ni chepesi na sentensi zake hazipandi ngazi nyingi. Ugumu wake uko mahali pengine. Je, ni riwaya au ni historia? Wataalamu wanabishana, na msomaji hana haja ya kungoja waafikiane, lakini lazima ajue anamsikiliza nani. Msimulizi ni mtoto wa jamii iliyopata uhuru wake kwa mkono wa Waingereza na wamisheni, kitabu kikachapwa London wakati wa ukoloni. Sifa anazowamwagia Waingereza zimekosolewa sana, na kwa haki. Njia ya kukisoma ni kuweka alama mbili tofauti pambizoni: moja panapoelezwa kitu kilichoonekana au kilichosimuliwa na waliokiona, nyingine panapotolewa sifa au lawama. Ukimaliza, rudi upitie alama za kwanza peke yake. Utakuta kitabu kingine ndani ya kile ulichosoma.

Sasa ndiyo uje kwa Shaaban Robert, si kabla. Na uje kupitia Kusadikika, cha mwaka 1951, kwa kuwa ni kitabu chembamba na kina mfumo ulio wazi ukishauona. Usipouona, utalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Ni kesi. Karama ameshitakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, na mshitaki ni Waziri Majivuno. Kitabu karibu chote ni utetezi wa Karama, na utetezi huo ni hadithi za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mema ya kuifaa nchi, wakalipwa kifungo. Hadithi ndani ya hadithi, kama shanga katika uzi, mtindo ule ule wa Alfu Lela Ulela. Anayesubiri Karama ainuke akimbie au apigane atachoka. Cha kufuatilia ni hiki: kila mjumbe analeta nini, na baraza linamkatalia kwa sababu gani. Andika mistari sita, mmoja kwa kila mjumbe. Ukiiweka pamoja unasoma hati ya mashtaka dhidi ya utawala, iliyochapwa na mwandishi aliyekuwa akiishi chini ya utawala wa kikoloni. Ndiyo maana nchi yenyewe inaelea hewani, mahali ambapo hakuna bwana shauri, yule afisa wa serikali ya kikoloni, wa kuuliza maswali.

Majina ya Shaaban Robert ni ufunguo, usiyapite mbio. Karama, Majivuno, Buruhani, Fadhili, Amini. Katika Adili na Nduguze ndugu wawili wa Adili ni Hasidi na Mwivu, basi umekwisha ambiwa watafanya nini kabla hawajafungua mdomo. Msomaji wa leo huona hiyo ni dosari, kwamba mwandishi amekata kamba ya mashaka. Sivyo inavyofanya kazi. Kwenye ngano, raha si kujua kama hasidi atahusudu, raha ni kuona atakavyolipuka na kwa kisa gani. Ila niseme ukweli: watu wema wa Shaaban Robert wakati mwingine ni wema kupita kiasi, hasa katika Utubora Mkulima, ambamo Utubora anahubiri zaidi ya anavyolima. Kuthamini kitabu kikongwe hakukulazimishi kupiga makofi kila ukurasa. Ukichoka na mahubiri, pima yanachukua kurasa ngapi na hadithi inarudi wapi, kisha uendelee.

Baada ya hapo njia ni pana. Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inahusu wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mombasa ilikuwa na mgomo wake mkubwa mwaka mmoja kabla, Januari 1947, kwa hiyo aliyelelewa karibu na Kilindini atasoma maneno ya gatini, tishali na shehena bila kutoka jasho. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed ni ya mwaka 1972, na kwa maoni yangu hakuna aliyeandika Kiswahili cha Unguja kwa utulivu kumshinda. Isome polepole, kurasa nane kwa kikao, si zaidi.

Euphrase Kezilahabi ndiye atakayekudanganya. Alizaliwa Ukerewe, ziwani, na Kiswahili chake hakina marashi ya Pwani: sentensi fupi, maneno ya kila siku. Utafika ukurasa wa hamsini wa Rosa Mistika kwa kikao kimoja ukidhani umepata kitabu rahisi. Uzito wake uko katika yale ambayo msimulizi hayasemi. Wasomaji wengi wa Pwani humdharau kwa lugha na kumwacha, wakakosa mengi. Ila usianze na Nagona wala Mzingile. Hizo zinavunja kanuni ambazo lazima kwanza uwe umezizoea ndipo uone zinavunjwa.

Neno kidogo kuhusu nakala. Nyingi utazipata kwa wauza vitabu vya mitumba, na nyingi zimepita shuleni. Kabla ya kulipa, fungua mwanzo, mwisho, halafu katikati. Vitabu vingi vya zamani vilishonwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na uzi ukikatika hupotea fungu zima, si ukurasa mmoja. Kwa hiyo angalia namba panapoungana mafungu: baada ya 16, 32, 48 na kuendelea. Tazama pia ukurasa wa hakimiliki kama ni toleo lililofupishwa kwa ajili ya shule. Hilo ni jambo jingine kabisa, hata kama jalada linafanana. Harufu ya ukungu si sababu ya kukataa kitabu, ila madoa meusi yenye unga yatahamia kwenye vitabu vyako vingine. Kianike kivulini penye upepo siku mbili tatu kabla ya kukiweka rafu, na usikifunge kwenye karatasi ya nailoni, maana unyevu utabaki ndani. Rafu isigusane na ukuta wa nje, hasa wakati wa mvua za masika. Acha nafasi ya vidole viwili.

Ukimaliza kitabu, kiache mwezi mmoja hivi, kisha ukirudie. Mara hii hujali tena nani kaua wala nani kafungwa, na unaweza kusikia sentensi. Anza na penseli ile ile, lakini sasa na kifutio. Kila nukta uliyoiweka mkabala na neno unalolielewa, ifute. Zitakazobaki ndizo za kupeleka kwenye kamusi.